Siku Moja Kilimanjaro kwa Msafiri wa Mwanza: Kutoka Nyegezi hadi Mandara

Watu wengi wa Mwanza wakisikia Kilimanjaro hufikiria kilele: siku tano au sita, mahema, wapagazi, na gharama inayokatisha tamaa. Basi wanaiacha, wanaendelea kuiona kwenye kalenda za ukutani. Lakini Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro ina safari ya siku moja ambayo mtu mwenye afya ya kawaida anaimudu. Unaingia geti la Marangu asubuhi, unapanda kilomita 8 ndani ya msitu hadi kituo cha Mandara, unakula, unasogea kidogo hadi kreta ya Maundi, kisha unashuka. Jioni umeshaoga na unakula mtori Marangu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeanzia huku kwetu ziwani. Nataka jambo moja lieleweke mapema, kwa sababu ndilo linaloharibu safari nyingi: siku moja ya mlimani si siku moja ya kalenda. Ukienda kwa basi panga siku nne, kwa ndege panga tatu. Anayezibana siku hizo hufika getini na miguu iliyovimba kwa kukaa kwenye basi, amelala kwa saa tatu tu, na anaanza kupanda saa 5 asubuhi wakati wenzake wanakaribia kufika. Mtu huyo hauoni msitu, anachokiona ni visigino vya mtu aliye mbele yake.

Unakwenda kuona nini

Uelewe unachokifuata, usije ukarudi na manung'uniko. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 na Mandara iko mita 2,720. Hutafika karibu na barafu, na kuna siku hutaiona hata kwa mbali, kwa sababu mawingu hujikusanya juu ya msitu kadiri mchana unavyosogea. Cheti cha kupanda mlima hupewa waliofika eneo la kilele, wewe hutapewa. Kama lengo lako ni barafu na cheti, weka akiba ya fedha na muda kwa ajili ya safari ndefu.

Unachokifuata ni msitu wa mvua unaouzunguka mlima, na kwa maoni yangu ndio sehemu ya Kilimanjaro inayodharauliwa kuliko inavyostahili. Wanaokwenda kileleni hupita humo wakiwa na haraka ya kufika juu. Wewe siku yako yote ni ya msitu. Ndimo mvua nyingi ya mlima inamonyesha, ndimo maji yanamohifadhiwa kabla ya kushuka kwenye mifereji ya mashamba ya Wachaga na kuingia Mto Pangani. Utaona mbega wenye manyoya meusi na meupe wakiruka juu ya njia, kima wakizurura karibu na kituo, na miti mikubwa iliyovikwa kuvumwani na ndevu za kijani. Kando ya vijito huota ua dogo lenye wekundu na manjano, limepinda kwa nyuma kama mkonga wa tembo. Wataalamu huliita Impatiens kilimanjari, na kwa asili linapatikana mlima huu tu.

Sisi tuliozoea mawe makavu na upepo wa ziwa tunaushangaa msitu ule zaidi ya mtu aliyezaliwa milimani. Hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kwenda.

Kuchagua tarehe

Usiutabiri mlima kwa kutazama anga la Mwanza. Mvua za kule zina ratiba yake: masika huanza Machi hadi Mei, vuli huja Novemba na kuendelea Desemba. Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Oktoba. Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu unaweza kukaa muda mrefu, ila njia huwa afadhali. Januari na Februari kuna joto kidogo na mara nyingi anga ni safi asubuhi.

Kwa mwajiriwa, Sabasaba na Nanenane zinaangukia msimu mzuri. Ukiunganisha sikukuu na mwisho wa wiki, siku nne zinapatikana bila kuomba likizo ndefu.

Desemba ndio mwezi ninaowakataza watu waziwazi. Licha ya mvua, Wachaga kutoka kila kona ya nchi wanarudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi. Mabasi ya kwenda Moshi hujaa, nauli hupanda, nyumba za wageni Marangu hushikwa mapema, na barabara ya Himo kwenda juu hufurika magari. Ni wakati mzuri sana wa kualikwa kwa rafiki Mchaga, lakini ni wakati mbaya wa kupanga safari yenye ratiba kali.

Afya, kabla ya fedha

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Geti la Marangu liko kati ya mita 1,800 na 1,900. Kwa hiyo hata kabla hujapiga hatua ya kwanza msituni umeshapanda kuliko nyumbani, na Mandara itakuongezea mita nyingine zaidi ya 800. Watu wengi hawapati shida yoyote kubwa kwenye kimo hicho. Wachache huumwa kichwa kidogo, kupungukiwa hamu ya kula, au kuhema haraka. Dawa yake ni mwendo wa taratibu na maji ya kutosha. Kichwa kikizidi, ukaanza kutapika au kuyumba, hakuna mjadala: unashuka. Kushuka ndiyo tiba, na kwenye njia hii kushuka ni rahisi kwa sababu hauko mbali na geti.

Hapa kuna jambo ambalo miongozo mingi ya mlima haiandiki kwa sababu haikuandikwa kwa ajili ya watu wa Kanda ya Ziwa. Huku kwetu selimundu, yaani siko seli, ni ugonjwa wa kawaida, na watu wengi wamebeba vinasaba vyake bila kujua. Hewa yenye oksijeni pungufu, baridi na upungufu wa maji mwilini ni mambo yanayoweza kuamsha maumivu makali kwa mwenye selimundu. Mwenye ugonjwa huu asipange safari hii kabla ya kuongea na daktari anayemhudumia, na akikatazwa atii. Aliyebeba vinasaba tu kwa kawaida hana tatizo katika kimo hiki, lakini naye anywe maji kwa bidii, asikimbie, na amwambie mwongozaji wake. Kama katika ukoo wenu kuna mtoto au ndugu mwenye selimundu na wewe hujawahi kupima, kapime. Kipimo hicho kina faida kubwa kuliko safari yenyewe.

Wenye pumu wabebe dawa ya kuvuta mfukoni, isikae chini kabisa ya begi. Wenye presha, matatizo ya moyo, na wajawazito waone daktari kwanza. Na mtu yeyote aliyepata homa ndani ya wiki ya safari apime malaria kabla ya kuondoka Mwanza. Homa ya malaria ikianzia mlimani ni rahisi kuifananisha na uchovu au kimo, na saa zikapotea.

Mazoezi kwenye mawe yetu

Tunaishi kwenye jiji la miamba, kwa hiyo uwanja wa mazoezi tunao bure. Anza wiki sita hivi kabla. Siku za kazi, tembea nusu saa hadi saa nzima kwa kasi. Mwisho wa wiki, tafuta mlima: barabara ya kupanda Bugando, vilima vya Isamilo, au ngazi za mawe za mitaa ya juu ya Mabatini na Igogo, ambako akina mama hupanda na ndoo kichwani kila siku bila kuita mazoezi. Panda, shuka, panda tena, ukiwa na begi lenye maji mgongoni.

Kushuka ndiko kunakosahaulika. Kilomita 8 za kuteremka huchosha magoti na kuumiza vidole vya miguu vinavyogonga mbele ya kiatu. Kwa hiyo jizoeze kushuka pia, polepole, magoti yakiwa yamelegea kidogo. Na viatu utakavyovaa mlimani ndivyo uvitumie kwenye mazoezi haya, ili kama vinabana ujue ukiwa bado Mwanza.

Kumpata mwongozaji na kuepuka kuibiwa

Hakuna kupanda Kilimanjaro bila mwongoza watalii aliyesajiliwa, hata kwa siku moja, hata kama wewe ni Mtanzania na njia unaiona mbele yako. Wengine hulalamikia sheria hii. Mimi naiunga mkono kwa moyo wote: ukungu ukishuka, ukiteguka, au mwenzako akizidiwa, yule mtu ndiye anayejua nani wa kumpigia na njia ipi ni fupi.

Njia salama ni kupitia kampuni yenye leseni ya biashara ya utalii, maarufu kama TALA. Kampuni nyingi ziko Moshi, Arusha na Marangu yenyewe. Wasiliana nazo wiki tatu au nne kabla, na usikubali bei ya jumla bila kuuliza imebeba nini. Uliza hivi: kiingilio cha hifadhi kimo? Malipo ya mwongozaji yamo? Usafiri kutoka ninapolala hadi getini na kurudi? Chakula cha mchana? Mwongozaji mmoja atakuwa na watu wangapi? Ana kisanduku cha huduma ya kwanza? Mwongozaji mwenyewe awe na kitambulisho halali kinachotambuliwa na KINAPA, yaani uongozi wa hifadhi hii chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Kukiomba si kumvunjia heshima. Wazuri hukionyesha wenyewe.

Kiingilio cha raia hulipwa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni wa nje. Lakini bei ya raia ni ya anayethibitisha uraia. Beba kitambulisho cha Taifa, na kwa watoto beba cheti cha kuzaliwa. Viwango hubadilika, kwa hiyo omba kampuni ikutumie mchanganuo wa mwaka huu, si wa rafiki yako aliyepanda zamani. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali kupitia benki au simu, au kwa kadi. Usitegemee kuhesabu noti dirishani.

Mtu akikutumia namba yake binafsi ya simu na kukuambia "tuma yote leo, nafasi zinaisha", tulia. Lipa sehemu kwa akaunti ya kampuni, chukua risiti, malizia ukifika. Na katika bajeti tenga bakshishi ya mwongozaji kabla hujatoka nyumbani, ndani ya bahasha yake. Wanaoiacha hadi dakika ya mwisho hujikuta wameitumia kwa soda na picha, na mtu aliyewashika mkono siku nzima anaondoka mikono mitupu.

Kwa kikundi, iwe kwaya, vikoba au wanafunzi, mteueni mmoja wa kuwasiliana na kampuni na mwingine wa kutunza fedha. Msimpe mtu mmoja yote mawili.

Nguo na chakula

Huna haja ya duka la vifaa vya mlima. Nenda soko la mitumba la Mlango Mmoja asubuhi, siku marobota yanapofunguliwa, uchague bila haraka. Unatafuta vitu vinne: sweta la manyoya mepesi ya sintetiki, koti la mvua lenye kofia, suruali nyepesi inayokauka haraka, na viatu imara vyenye meno chini. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Kutoka ziwani hadi Mandara hilo ni punguzo la nyuzi 9 hivi, kabla ya kuongeza unyevu na upepo. Jinzi ziache nyumbani. Zikilowa huwa nzito, hazikauki, na hunyonya joto la mwili. Fulana ya pamba nayo ikilowa jasho hugeuka baridi mgongoni, kwa hiyo beba ya kubadilisha.

Ongeza kofia, soksi jozi mbili, glavu nyepesi na mafuta ya midomo. Kata kucha za miguu siku mbili kabla. Begi lako liwe na kifuniko cha mvua, au vitu vya ndani viwekwe kwenye mfuko mgumu usiopitisha maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na hifadhini hawana mzaha na hilo. Maji beba lita mbili hadi tatu kwenye chupa ya kujazwa tena.

Kuhusu chakula, wengi hununua biskuti na soda, wanaishiwa nguvu saa 8 mchana. Sisi tuna vitu bora zaidi. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ni mepesi, hayaharibiki, na yanatia nguvu taratibu. Karanga za kukaanga, mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi za kuiva utakazonunua Marangu. Ukiwa na hivyo umeshiba na begi halijakuelemea. Samaki wa kukaanga mwache nyumbani, harufu yake huwaita kima.

Kufika Marangu

Kwa basi, safari za kwenda Arusha na Moshi huondoka alfajiri. Thibitisha stendi, kama ni Nyegezi au nyingine, wakati wa kukata tiketi. Njia ni Shinyanga, Nzega, Igunga, mlima Sekenke, Singida, Katesh chini ya Mlima Hanang, Babati, Arusha, ndipo Moshi. Ni zaidi ya kilomita 800, yaani siku nzima, na ukifika Moshi ni usiku. Kaa dirisha la kushoto ukitaka kuutazama Hanang ukipita Katesh. Inuka na utembee kila basi linaposimama, kunywa maji hata kama yatakulazimisha kutafuta choo. Lala Moshi.

Siku ya pili usifanye makubwa. Amka bila haraka, nunua kinachopungua, kisha mchana panda gari ndogo za Moshi kwenda Marangu kupitia Himo. Marangu Mtoni ndipo penye soko, nyumba za wageni na bodaboda; geti liko kilomita chache juu yake. Lala Marangu, si Moshi. Hilo nalisisitiza kwa sababu mbili: asubuhi utafika getini mapema, na mwili wako utakuwa umelala usiku mmoja juu kuliko ulivyozoea. Jioni hiyo unaweza kutembelea maporomoko ya Kinukamori, karibu na Mtoni, na ukajinyoosha miguu. Mbege utakaribishwa. Onja ukitaka, lakini pombe usiku wa kuamkia mlima ni kichwa cha kesho.

Kwa ndege, shuka Uwanja wa KIA ulioko barabara ya Arusha–Moshi, ama moja kwa moja kutoka Mwanza au kwa kupitia Dar es Salaam kulingana na ratiba ya wakati huo. Ukifika kabla ya adhuhuri, unaweza kulala Marangu siku hiyo hiyo, na hivyo ukawa umeokoa siku moja.

Siku yenyewe

Amka saa 11 alfajiri. Kula vizuri: uji, mayai, mkate. Saa 1 na nusu uwe getini. Utaandika jina, umri, uraia na kazi kwenye daftari la wageni, mwongozaji atashughulikia kibali. Tumia choo cha hapo. Jaza maji. Lengo ni kuanza kutembea saa 2 asubuhi, na kama kikundi ni kikubwa, wafike mapema zaidi kwa sababu usajili wa watu wengi unakula muda.

Mkiwa hapo, mwulize mwongozaji habari za waliotangulia. Marangu ndiko Mangi (chifu) Marealle alikompokea Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Waongozaji wa kule humtaja pia mwenyeji wao, Yohani Kinyala Lauwo, anayesemekana kuwaongoza wageni hao, na kumtaja kwa fahari. Mandara yenyewe imebeba jina la Mangi Rindi Mandara wa Moshi, na kituo kinachofuata juu yake, Horombo, jina la Mangi Horombo wa Rombo. Ukijua hayo, vibao vya njiani vinakuwa majina ya watu.

Dakika thelathini za kwanza ndizo zinazoamua siku. Damu bado ni ya moto, njia ni pana na rahisi, vijana wanataka kupiga mbio. Zuia. Mwendo sahihi ni ule unaokuruhusu kuongea sentensi nzima bila kutweta. Aliye dhaifu kuliko wote atembee mbele, nyuma ya mwongozaji, na wengine wafuate mwendo wake. Kikundi kinachomwacha mzee au mtoto nyuma huishia kumsubiri kwenye baridi, na yeye akifika wanaondoka kabla hajapumua.

Njia inafuata vijito na mizizi, ina madaraja madogo, na mahali pengine ni utelezi. Vua sweta mapema kabla hujaloa jasho, livae tena mara tu mnaposimama. Kunywa maji mafundo machache kila baada ya dakika ishirini hivi. Utakutana na wapagazi, wenyewe hujiita wagumu, wamebeba mizigo kichwani na mgongoni. Wapishe. Simama upande wa mlima, si upande wa bonde, wasalimie na uwaache wapite. Watu hawa wanalisha familia kwa shingo zao, na njia ni yao kabla haijawa yetu.

Katikati ya njia kuna mahali pa kupumzikia panapoitwa Kisambioni. Kaa dakika kumi na tano, kula kitu, kagua miguu. Sehemu ya kiatu inayochoma kidogo sasa itakuwa lengelenge baada ya saa moja. Bandika plasta hapo hapo. Na hapa ndipo mahali pa uamuzi wa kweli. Kama kuna mwenzenu anaumwa kichwa, anatapika, au amechoka kupita kiasi, arudi na msindikizaji kutoka hapa. Zungumzeni utaratibu huo na kampuni mapema, ili isije ikawa mwongozaji mmoja na watu wanaotaka kwenda njia mbili.

Msituni nyamaza kila mara. Ukiwasha muziki kwenye simu, mbega watakuwa wameshahama kabla hujainua kichwa. Ukinyamaza utasikia matawi yakitikisika, halafu mkia mrefu mweupe utauona juu yako. Usiwape chakula, wala kima wa Mandara, hata wakikusogelea kwa upole. Mnyama aliyezoea chapati hugeuka mwizi, na mwizi huyo hatimaye huuma. Usichume ua. Usiwashe moto wala kutupa kichungi cha sigara. Oktoba 2020 moto uliteketeza eneo kubwa la uoto wa mlima huu, ukaja mwingine Oktoba 2022. Kila ganda na karatasi ulichopanda nacho ushuke nacho.

Kwa mwendo huo utafika Mandara baada ya saa tatu hadi nne, yaani kati ya saa 5 na saa 6 mchana. Ni uwanda mdogo wenye vibanda vya mbao vyenye paa za pembe tatu, msitu umeuzunguka. Badilisha fulana iliyoloa kabla ya jambo lolote jingine, hata kama hujisikii baridi. Kula chakula chako chote, usibakize.

Kisha amua kuhusu Maundi. Kreta hii iko juu kidogo ya Mandara, mwendo wa dakika ishirini hadi thelathini. Hapo msitu unaanza kukatika na vichaka virefu vya nyika ya juu vinaanza. Anga likiwa safi unaona tambarare za upande wa Kenya chini yako, na juu yako vilele viwili vya mlima, Mawenzi yenye meno na Kibo yenye theluji. Nenda kama bado hamjafika saa 7 mchana, mvua haijaanza, na watu wana nguvu. Sharti moja likikosekana, acha. Na asitokee mtu wa kusema "tusogee Horombo kidogo". Horombo ni kilomita 11 nyingine na kimo cha mita 3,720. Si ya siku moja kwa mtu aliyetoka usawa wa ziwa juzi.

Saa 7 na nusu mchana, mkichelewa sana saa 8, muwe mnaanza kushuka. Kaza kamba za viatu sehemu ya juu ya mguu ili vidole visigonge mbele. Fimbo ya kutembelea ina kazi sasa kuliko asubuhi. Hatua fupi, macho chini, picha mkiwa mmesimama tu. Ajali nyingi ndogo hutokea hapa, kwa miguu iliyochoka kwenye mizizi iliyolowa, na mtu anayewaza kitanda. Kushuka kunachukua saa mbili hadi tatu. Mkifika getini, jiandikisheni kwamba mmetoka, mpeni mwongozaji bahasha yake mkononi, mkimshukuru kwa jina.

Baada ya mlima

Oga maji ya moto, kula mtori, nyoosha miguu kabla ya kulala. Kesho yake mapaja yatauma zaidi kuliko siku yenyewe, hasa kwenye ngazi za basi. Ndiyo sababu sipendekezi kupanda basi la Mwanza usiku ule ule. Anayerudi kwa barabara ashuke Moshi jioni hiyo au alfajiri sana, kwa kadiri basi lake linavyoondoka, na akate tiketi ya kiti cha kando ya njia ili aweze kunyoosha mguu na kuinuka mara kwa mara. Ukiona mguu mmoja umevimba na unauma kuliko mwingine baada ya safari ndefu hivyo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na homa ikikushika ndani ya siku chache baada ya kurudi, usiseme ni baridi ya mlima. Nenda kapime malaria.